Farasi Aliyemngoja Baba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikanyagwa mguu. Farasi mwenyewe hakuwa na ubaya wowote. Alihamisha tu uzito wake, kama mtu aliyechoka kusimama, na kidole changu kikawa chini ya kwato. Nilipiga yowe, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyozidi kuniegemea. Nyapara wetu, Mzee Feruzi, Mwislamu wa pale pale mjini Kisumu, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akinywa chai. Hakuinuka.

"Usimsukume," alisema. "Mguse begani, mwambie asogee. Huyu si ng'ombe wa kwenu."

Nikamgusa begani, nikamwambia asogee. Nilimwambia kwa Kijaluo, maana Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Akasogea. Mzee Feruzi akamaliza chai yake, akaniambia kazi nimepata. Ukucha wangu ulitoka na haujaota sawasawa mpaka leo, na wajukuu zangu wakiuona wanacheka, watu ambao hawajawahi hata kunusa jasho la farasi.

Kazi yenyewe iliitwa usaisi. Saisi ni mtu wa farasi: anamlisha, anamsafisha, anamtandika, na bwana akitaka kumpanda anamshikia. Nyinyi wa magari mnadhani ni kazi ya kushika kamba. Haya, nisikilizeni. Asubuhi, kabla ya chakula, unamtazama macho na pua. Halafu unainua miguu mmoja mmoja na kuchokoa kwato kwa kulabu ya chuma, kwa sababu kijiwe kidogo tu kikikaa humo kutwa nzima, kesho yake farasi anachechemea. Brashi inafuata mlalo wa manyoya, hairudi nyuma. Kuna hatamu, zile kamba za ngozi za kumwongozea, na kuna lijamu, chuma kinachokaa mdomoni. Asubuhi ya baridi unashika lijamu viganjani mpaka lipate joto, ndipo umtie. Mzee Feruzi akimwona saisi anamtia farasi chuma baridi, anamwambia alitie kwanza kinywani mwake mwenyewe. Wallahi hakuwa anatania. Nilimwona mtu mzima amesimama katikati ya banda na lijamu mdomoni, machozi yanamtoka.

Lakini adui yetu mkubwa alikuwa huku chini ziwani. Farasi si mnyama wa ziwa. Mvua zikija na mbu wakiongezeka, farasi mzima wa asubuhi unaweza kumkuta ametoa povu puani, na povu hilo ukiliona basi, anza kutafuta mahali pa kuchimba. Wakati huo hatukujua sana ni nini kinawaua. Wazungu walisema ni umande, Mzee Feruzi alisema ni hewa ya kinamasi. Dawa yetu ilikuwa moja: nyasi zilizolowa umande asile, na jua likianza kuzama awe ndani, mlango umefungwa, na samadi ya ng'ombe inafuka moshi mlangoni. Nguo zetu zilinuka moshi huo hata siku za kwenda kuposa.

Nilifanya kazi kwenye banda la serikali chini ya Bwana Afisa mmoja mrefu, mwembamba, aliyezungumza na farasi kwa adabu kuliko alivyozungumza na sisi. Siku moja alisimama mbele yangu, akasema, "Saisi, farasi huyu amekonda."

Nikasema, "Na mimi pia, Bwana."

Mzee Feruzi alifumba macho. Nilijua nimeponzwa na mdomo. Bwana Afisa akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akacheka peke yake, akaenda zake. Yule farasi aliongezewa dengu. Mimi sikuongezewa kitu.

Baadaye mabwana walianza kuletewa motokaa, mmoja baada ya mwingine, na banda likafungwa. Mzee Feruzi mwenyewe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Sardar.

Sardar alikuwa Kalasinga, fundi wa magurudumu na mikokoteni, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Karakana yake ilikuwa upande wa kwenda Kibuye. Pamoja na ufundi wake alikuwa na gari la farasi la kuchukua abiria stesheni na kuwapandisha mlimani kwenye maofisi na manyumba ya wakubwa. Gari hilo liliendeshwa na mwanawe wa pekee, Kartar, kijana aliyejaa kicheko ambaye alijifunza Kijaluo kwa kutukanana na wachukuzi wa stesheni. Farasi alikuwa jike wa rangi ya kijivu, jina lake Moti.

Mwanzoni Moti aliogopa treni. Treni ikipiga honi, yeye huyo, gari na abiria na mizigo, mpaka sokoni. Kartar alimfundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu. Kila treni ilipoingia alikuwa stesheni naye, anampapasa shingo, anamwimbia kwa lugha yao. Mwishowe Moti akajua hivi: honi ikilia, simama. Na ukishasimama usiondoke, hata uvutwe, mpaka abiria amekwisha kukaa. Abiria akikaa, Kartar anapiga ubao wa kiti makofi mawili, pa! pa!, anasema "Chalo," yaani twende, na gari linaondoka pole pole kama mtumbwi. Mimi mwenyewe nilipompeleka stesheni siku za Kartar kuumwa, nilipaswa kufanya hivyo hivyo. Ukisahau makofi, mtalala hapo.

Sasa niwaambie habari za baba yangu. Kwetu ni Nyakach, ukipita Pap Onditi. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, na ng'ombe wake aliwajua kwa majina, kwa mama zao na kwa makosa yao. Dume lake jeusi, Rateng', alilipenda kuliko wanawe, na hakutuficha. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza mbele za watu:

"Huyo mnyama wako, anakamwa?"

"Hakamwi, Baba."

"Analiwa?"

"Haliwi."

"Ana pembe?"

"Hana."

"Basi wewe unamchunga wa nini, nyathina?" Nyathina, mwanangu, alilitamka kwa huruma, kana kwamba ninaugua. Na watu wote wanacheka. Mimi nilicheka nao, lakini iliniuma. Mtu anataka baba yake aheshimu kazi inayomlisha.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, Mama alikuwa anapepeta mtama, na Baba ameketi kwenye kigoda chake, kile cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe. Hakuuliza maswali yake. Aliniuliza kama ni kweli mtu mweusi anaweza kupanda lile gari. Nikamwambia anayelipa anapanda, na baba yangu hatalipa.

"Baada ya mavuno nitakuja," akasema. "Unikalishe pale wanapokaa wakubwa, unizungushe mji mzima. Nataka watu wanione."

"Nitakupandisha, Baba."

"Mama yako amesikia."

"Nimesikia," alisema Mama, bila kuinua macho kwenye ungo.

Mavuno yalipita, mguu wake ukavimba. Ulipopona ikaja mvua. Mvua ilipokwisha ikaja sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, na Baba hakuweza kuwaacha.

Mwaka huo huo Kartar alishikwa na homa. Alirudi kutoka stesheni akisema anasikia baridi, na hakutoka tena kitandani. Sijui niseme nini juu ya nyumba ile baada ya hapo. Karakana ilinyamaza. Sardar alilivuta gari mwenyewe mpaka ukutani, akalifunika magunia, akaniambia Moti asifungwe gari tena. "Mtembeze tu," alisema. Basi kila asubuhi nilimtembeza Moti na kumrudisha, farasi asiye na kazi na saisi asiye na safari.

Mama Kartar alikuwa na desturi ya kumpa mwanawe chapati na kipande cha sukari guru aende akampe farasi. Kijana alipokufa alianza kuleta mwenyewe. Moti alikula mkononi mwake, naye alimwekea paji la uso shingoni akakaa hivyo. Mimi nilijifanya nafagia. Kibaya zaidi kilikuwa treni. Honi ikisikika kutoka stesheni, Moti alisimama wima mle bandani, masikio mbele, anangoja. Aliweza kungoja hivyo mpaka chakula cha mchana. Mama Kartar aliona hivyo siku moja, akaingia ndani, na sauti ya kilio chake nikaisikia mpaka barabarani. Nimeona uchungu mwingi katika maisha yangu, lakini wa wale wawili ulinikaa kifuani, kwa sababu hawakuwa na ndugu wa kuja kuketi nao. Sisi kwetu mtu akifiwa, nyumba inajaa mpaka unatamani uachwe peke yako.

Hatukuwa tumemaliza matanga ya Kartar mioyoni mwetu nilipofikiwa na binamu yangu, miguu imejaa vumbi. Nilimwona uso tu, nikajua.

"Baba ametutoka," alisema. "Amezikwa tayari. Lakini Mama anasema buru haijapelekwa, na ng'ombe wamefungwa karantini. Anasema uje."

Wale ambao si Wajaluo niwaeleze. Mwenye boma akifa, wanaume hukusanya ng'ombe, dume la marehemu mbele, wakashika mikuki na ngao, pembe ikapulizwa, wakakimbia kwa nyimbo mpaka mpakani kukifukuza kifo. Hiyo ndiyo tero buru. Bila hiyo, marehemu hajaagwa. Ni kama mtu aliyesimamishwa mlangoni mwake mwenyewe. Na sasa kwa sababu ya sotoka ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka mabomani. Askari wa mifugo walikaa njiani, na ng'ombe atakayekutwa nje anachukuliwa, harudi. Kwa Mama hilo halikuwa jambo la kusema tutangoja. Alitaka mumewe apumzike.

Nilikwenda kwa Sardar kuomba ruhusa tu, sikuwa na wazo lingine kichwani. Aliniuliza tunazikaje sisi. Nikamweleza, na nilipofika kwenye ng'ombe kufungwa, nikaishia hapo.

"Lazima ng'ombe?" aliuliza.

"Sardar, ni ng'ombe siku zote. Sijasikia kingine."

Mama Kartar alikuwa mlangoni. Alisema neno kwa Kipunjabi. Sardar akamjibu kwa ukali. Mama Kartar akalisema tena, mara hii kwa Kiswahili, akinitazama mimi: "Chukua Moti."

Sardar alishika ndevu zake. Nilijua anachofikiri. Nyakach iko karibu na maji, kuna mbu, na yule farasi ndiye kitu cha mwisho kinachopumua ambacho mwanawe alikishika. Mwishowe akasema, "Jua ikizama, yeye ndani. Na moshi." Nikasema ndiyo. "Moshi mingi," akasema, akageuka.

Tuliondoka alfajiri, mimi na Moti na binamu yangu ambaye alikataa kabisa kupanda. Njia nzima watu walitoka kututazama, na Katito soko lilisimama. Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alitoka amevaa kofia ya Baba, kama wanavyofanya wajane kwetu, akanishika uso kwa mikono miwili. Tulilia wote wawili. Halafu akamzunguka Moti taratibu, akamtazama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Ni mzuri. Baba yako angemtafutia kasoro." Akaamuru ndama watolewe kibandani, samadi iwashwe, mgeni alale humo.

Kesho yake kukawa na baraza, na ugomvi. Baba mdogo Owuor, ndugu yake Baba, hakutaka kusikia. "Mnataka kumuaga ndugu yangu kwa punda?" alisema. "Hii si ng'ombe! Kifo kitaogopa nini hapo?" Ndugu zangu wadogo walitaka Rateng' atolewe, askari wafanye watakalo. Mikuki ilikuwa mikononi mwao. Niliona wazi kwamba tukiwatoa ng'ombe, jioni tutakuwa tumepoteza boma lote la Baba, na pengine mtu. Mama ndiye aliyekata shauri. Alimvua Rateng' kengele ya shingoni, akanipa nimvishe Moti.

"Owuor," alisema, "kama una ng'ombe aliye huru, mlete. Kama huna, shika mkuki wako."

Akashika mkuki, huku akinung'unika.

Basi tukajipanga langoni. Mimi mbele na Moti, kengele shingoni, wanaume nyuma yangu na ngao, wanawake wanapiga vigelegele vya msiba. Mwenye pembe akavuta pumzi, akapuliza, sauti ndefu ya kutetemesha kifua.

Moti akasimama.

Aliposikia pembe alisikia treni. Masikio mbele, miguu minne imekita, pale pale katikati ya lango, na watu wote nyuma yetu wamezuiwa. Nilimvuta hatamu. Nilimgusa bega. Nilisema "Chalo," nikampiga kofi ubavuni, wapi! Mwili si ubao, na abiria yuko wapi? Wimbo ulikatika. Nilisikia Baba mdogo akisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, "Si niliwaambia? Hata mnyama anakataa." Ndugu yangu wa pili akaanza kurudi kuelekea boma la ng'ombe.

"Hakatai!" nilipiga kelele. Sijui nilikuwa nalia au nafoka. "Amefundishwa! Akisikia honi anasimama, anangoja abiria akae. Haondoki mpaka mtu akae na ubao upigwe!"

Mama alikuwa pembeni na wajane wenzake. Aliinuka bila haraka, akaingia nyumbani kwake. Alipotoka alikuwa amebeba kigoda cha Baba.

Alikuja nacho mpaka kwangu. Kofia ya Baba ilikuwa kubwa kwake, imemshukia machoni.

"Ulimwahidi utampandisha," alisema. "Mimi nilisikia. Mpandishe."

Peke yangu sikuweza kukishikilia na kufunga kamba. Baba mdogo Owuor, yule yule, aliweka mkuki chini akaja kunisaidia. Tulikifunga kigoda juu ya blanketi mgongoni mwa Moti, miguu mitatu imeushika mgongo. Owuor alikitikisa kuona kama kimekaza, kama mtu anavyomwangalia mzee asianguke. Mama akainua kiganja chake, akanitazama nimwonyeshe. Nikamwambia apige mara mbili. Akapiga, pa! pa!, juu ya mti ule uliolainishwa na miaka ya kukaliwa na Baba.

Nikasema, "Chalo, Baba."

Moti akaondoka. Aliondoka pole pole, kama Kartar alivyomfundisha, asimshtue abiria. Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo siwezi kuieleza, wanaume wazima wanalia na kuimba pamoja, halafu pembe ikalia tena na Moti akiwa ameshashika mwendo haikumsimamisha, akaanza kukimbia, kengele ya Rateng' inalia, kigoda kinaruka mgongoni, na sisi wote nyuma yake na vumbi. Tulifika mpakani. Askari wa mifugo walikuwapo, wawili, bunduki mabegani. Mmoja alimtazama Moti, akamtazama mwenzake, akasema, "Hii si ng'ombe." Wakatupisha njia. Nilimtazama Baba mdogo, naye akatazama kwingine.

Jua lilipozama Moti alikuwa ndani, na moshi mwingi.

Nilimrudisha Kisumu salama. Sardar alikuwa amekaa nje ya karakana, na nadhani alikuwa amekaa hapo tangu tulipoondoka. Alimkagua pua kwanza, kisha kwato, kisha akaniuliza kama kazi imefanyika. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye honi na kungoja, na makofi mawili kwenye kigoda, Sardar alijifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Kartar alikuja akakaa karibu naye pale chini, na mimi nikakaa pia. Hakuna aliyenifukuza. Tulikaa kama wafiwa wanavyokaa kwetu.

Asubuhi yake nilimkuta Sardar anayaondoa magunia juu ya gari. Tulimfunga Moti pamoja. Treni ilipopiga honi tulikuwa stesheni, na abiria alipokaa, Sardar mwenyewe alipiga ubao. Hakuweza kulisema lile neno. Nikamsemea.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mpaka motokaa za kukodi zilipotumaliza. Moti alikufa kwa uzee, jambo ambalo kwa farasi wa Kisumu ni sifa. Mimi nilirudi Nyakach na mgongo uliopinda, pua ambayo bado inasikia moshi wa samadi, na heshima kidogo, maana huku wananiita Jasaisi, yaani mtu wa usaisi, mpaka leo na hawacheki. Vijana huniuliza usaisi ulinifaidi nini. Nawaambia nilijifunza kumgusa mnyama begani badala ya kumsukuma, na watu wengi pia wanasogea ukiwafanyia hivyo.

Kigoda cha Baba kiko hapa nyumbani kwangu. Mguu mmoja umelegea tangu siku ile na nimekataza usitengenezwe. Wanangu, siku yangu ikifika msihangaike kutafuta farasi, hamtampata. Kitoeni hicho kigoda mkiweke langoni, mmoja wenu akipige makofi mawili. Neno lenyewe mnalijua.